Daktari wa Maneno Yanayokera

Idara ya Lugha, chumba namba 14
3 Februari

Mdogo wangu,

Hongera. Nimeanza na neno hilo ili baadaye usije ukasema sikulisema.

Habari nimezipata ubaoni, si kwako. Nilikuwa natoka kwa Profesa, msimamizi wangu, ambaye amenirudishia sura ya nne ya tasnifu kwa mara ya tatu. Nikakuta watu wamejazana mbele ya ubao wa matangazo, nikadhani ni ratiba ya mitihani. Kumbe ni wewe. Seneti imeridhia utunukiwe shahada ya uzamivu ya heshima kwenye mahafali ya Julai, "kwa mchango wake uliotukuka katika kuilinda lugha kupitia kipindi cha redio cha Maneno Yanayokera." Wameandika mpaka jina lako la utani, Kasuku, ndani ya mabano, wasije watu wakakukosa.

Katibu wa idara akanipiga begani. "Daktari wa kwanza kwenye familia yenu!" Anajua fika kwamba huu ni mwaka wangu wa tisa nautafuta huo udaktari, tena nafundisha vipindi kumi na sita kwa wiki. Nikamwambia "nakuja," nikaondoka zangu. Na ni mimi niliyekuandikia mwaka juzi kwamba hakuna neno linaloniudhi kama mtu kusema "nakuja" huku anaondoka.

Mama nimemwambia. Amelia kwa furaha, kisha akauliza kama sasa utakuwa unatoa dawa.

Usinipigie simu. Kwenye simu hunisikilizi, unanitangazia. Niandikie kama kawaida yetu.

Dada yako


Studio, ghorofa ya tatu
11 Februari

Dada, shikamoo!

Kiukweli (najua, najua, limo kwenye orodha) sijatulia tangu barua ya chuo ifike. Bosi wa kituo amesharekodi utambulisho mpya: "Daktari Kasuku, anatibu maneno!" Halafu mwangwi: maneno, maneno, maneno. Mlinzi wa getini ananipigia saluti. Jana kaniomba nimwangalie jino.

Sasa nisaidie, wewe ndiye mwenyeji huko. Joho linavaliwa na viatu gani? Mguu wangu unaujua, namba arobaini na sita, kila kiatu kinaonekana kama mtumbwi. Na je, nitaitwa Daktari kweli kweli, au ni siku ile tu?

Niliposoma barua yao nilidhani ni wewe uliyenipendekeza. Nikasema, huyu dada yangu mdomoni pilipili, moyoni kumbe ananiombea mema. Kama ni wewe, asante. Kama si wewe, asante vilevile, maana wewe ndiye uliyenifundisha kusoma pale chini ya meza ya baba, tukiokota skrubu za saa. Laiti angekuwepo! Fundi saa mzima, mtu wa kusikiliza tiki-tiki tu, aliyeniambia kazi ya redio ni kazi ya kupiga kelele. Ningemwendea na joho langu pale karakana nimwambie, mzee, kelele zimezaa.

Jingine: nitumie maneno mengine, kapu limebaki tupu. Wiki hii nimetumia lile lako la "changamoto." Msikilizaji mmoja akapiga simu, anasema mkewe amefungasha kila kitu mpaka pazia, na balozi wa mtaa kamwambia ana "changamoto ya ndoa." Tulicheka mpaka fundi mitambo akanizimia kipaza sauti.

Mwisho wa siku (limo pia!) mimi bado ni mdogo wako.

Kasuku


Chumba namba 14
20 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba.

Si mimi niliyekupendekeza. Sikuulizwa. Kwenye idara hii mimi ndiye ninayeandika juu ya maneno ya kujazia na misemo ya mazoea, na hakuna aliyekuja mlangoni kwangu kuuliza.

Viatu: vyeusi, vya kufunika vidole, viwe vimepigwa rangi.

Kuitwa Daktari: kwa utaratibu wa chuo, hapana. Shahada ya heshima ni kiti cha mgeni. Unakaribishwa, unakalishwa mbele, unapewa maji, unapigiwa makofi. Hakuna anayekutazamia urudi kesho uanze kazi. Haina mtihani, haina msimamizi, haina sura ya nne. Chuo kinakupa jina lake nawe unakipa lako, basi, mmeshapeana mkono. Sisemi haina thamani. Nasema thamani yake iko kwa anayetoa, anayepokea hakufanya kitu siku hiyo zaidi ya kuinamisha kichwa avalishwe kofia.

Umeomba maneno mengine. Jumapili nilikaa na daftari langu nikahesabu. Tangu kipindi chako kianze umetangaza maneno hamsini na mawili. Arobaini na moja yametoka kwenye barua zangu. "Mimi kama mimi." "Naomba nikuibie dakika mbili." "Sio kwa ubaya, ila." "Niko njiani," la mtu ambaye bado anatafuta soksi. Siku ile ya "tuko pamoja" ulisoma aya yangu nzima kama ilivyo. Ulipofika pale nilipotania, ukanyamaza kidogo ili watu wacheke. Wakacheka. Nilikuwa jikoni naosha sufuria. Nikausikia utani wangu unachekewa na watu nisiowajua, na anayeshukuriwa ni wewe.

Sisemi umeiba. Nasema nimehesabu.

Dada yako


Studio
1 Machi

Dada, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikasirika, mara ya pili nikaona aibu kidogo, halafu hasira ikarudi, kwa hiyo naandika nikiwa nayo.

Ni kweli mengi ni ya barua zako. Siku ya kwanza nilisema hewani, "dada yangu ameniandikia." Bosi akaniita pembeni: "Wasikilizaji hawamtaki dada, wanakutaka wewe." Nikaacha kusema. Ningeweza kubisha, sikubisha. Halafu ikawa tamu. Hapo nakubali kosa.

Lakini sio kwa ubaya, dada, ila maneno ni ya watu wote. Wewe uliyaokota wapi? Kwenye foleni ya benki, kwenye vikao vyenu, kwa fundi cherehani. Hukuyaumba. Yamekaa kwenye daftari lako miaka chungu nzima na hakuna aliyecheka. Mimi nimeyapa mdomo, sasa mtu akisema "mimi kama mimi" kwenye kikao, wenzake wanamgeukia wanacheka naye anajirekebisha. Hiyo si kazi? Au kazi ni mpaka iwe na rejea chini ya ukurasa?

Na ukweli mwingine nikwambie. Nilipokuwa mdogo, kila mgeni aliyeingia karakana, baba alimwonyesha daftari lako la shule. Langu alilitumia kufunikia mafuta ya saa. Nimekuonea wivu miaka thelathini, sikuwahi kukuandikia barua ya kuhesabu.

Usivunjike moyo na hiyo sura ya nne. Utafika tu.

Kasuku


Chumba namba 14
8 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako nimeipata. Sina la kuongeza.

Dada yako


Studio
27 Machi

Dada, shikamoo.

Najua tumeachana vibaya, lakini nimepatwa na jambo, na mtu wa kumwambia ni wewe tu.

Kuna mtu ameandika barua kwa msajili wa chuo kupinga nisipewe shahada. Kurasa tatu, zimepigwa chapa, hazina jina. Msajili amenitumia nakala niijibu mbele ya kamati mwezi ujao. Ukurasa wa kwanza unasema maneno ninayotangaza si utafiti wangu, nimeyatoa kwa mtaalamu ambaye sijawahi kumtaja. Ukurasa wa pili una tarehe za vipindi, moja baada ya nyingine, hakuna hata moja iliyokosewa. Mtu huyu amekuwa akinisikiliza kila Jumanne na kalamu mkononi.

Ukurasa wa tatu sitaunakili. Huo hauhusu chuo.

Nilianza kumshuku Profesa wako, kwa sababu umenisimulia alivyo. Pengine ulimwonyesha daftari lako, akaamua kukutetea kwa siri? Kama ni hivyo mwambie angeniita tu, ningemsikia. Bosi amesimamisha ule utambulisho. Mlinzi wa getini hapigi saluti tena, ananiangalia kama mtu aliyerudishwa na hospitali.

Wewe uko ndani huko, unawajua. Niulizie. Ni nani ananichukia kiasi hiki?

Kasuku


Chumba namba 14
4 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba, na pole.

Sijui ni nani. Chuo hiki kina watu mia nne na kila mmoja ana kalamu. Si Profesa, yeye hasikilizi redio, anasema inamharibia sikio.

Usihangaike kumtafuta mwandishi. Jibu yaliyoandikwa. Kama ni kweli, sema ni kweli. Kama si kweli, sema si kweli. Kamati hupenda jibu fupi.

Mama anakohoa kidogo lakini anaendelea vizuri. Yule fundi cherehani wa jirani amemshonea nguo mpya kwa ajili ya Julai, sikumkataza mama.

Dada yako


Studio
22 Aprili

Dada,

Uliniambia nijibu kwa ukweli. Nimejibu.

Walikuwa watano mezani, glasi tano za maji, na mimi na viatu vyangu vyeusi. Msajili akasema kwanza barua isomwe kwa sauti ili iingie kwenye kumbukumbu. Akaisoma mama mmoja wa kamati, sauti nzuri, taratibu.

Dada, kazi yangu mimi ni kusikia. Miaka kumi na mitano nasoma hewani barua za watu. Ukinipa barua yoyote, asome nani asome, ninasikia pale mwandishi alipovuta pumzi. Nilipoisoma mwenyewe sikusikia kitu, macho yalikuwa na woga. Aliposoma yule mama, nilijua tangu mstari wa pili. Sentensi inakwenda, inapiga breki kwenye nukta-mkato, inageuka, inakuchoma. Na "ilhali" mara nne. Nimelelewa na sentensi hizo. Ndizo ulizokuwa ukinisomea chini ya meza.

Wakaniuliza kama namjua mwandishi. Nikasema simjui.

Wakaniuliza kama maneno ni yangu. Nikasema si yangu, ni ya dada yangu, anafundisha hapahapa, chumba namba 14, na nimekosea kutomtaja. Wakatazamana. Nikatoka. Siku tatu baadaye ikaja barua: heshima "imeahirishwa mpaka itakapotangazwa tena." Limo kwenye orodha yako hilo? Kama halimo, litie.

Jumanne sikufanya kipindi cha kawaida. Niliwaambia wasikilizaji hakutakuwa na Daktari, na nikawaeleza kwa nini. Nilikutaja kama dada yangu, mwenye maneno. Nilidhani watapiga simu wanitukane. Wachache walinitukana. Wengi waliuliza dada huyo yuko wapi, wampelekee maneno yao.

Mama alinipigia. Kaikunja ile nguo mpya, kaiweka kabatini.

Usiniandikie kwa sasa.

Kasuku


Chumba namba 14
2 Mei

Mdogo wangu,

Uliniambia nisiandike na nimeandika. Ukitaka ichane, lakini kwanza ifungue.

Ni mimi. Niliiandika jioni ya siku niliyopokea ile barua yako ya "utafika tu." Niliipiga chapa hapa ofisini, mlango nimeufunga, na sitakudanganya kwamba nilisita. Niliona raha. Kila tarehe niliyoitia ilikuwa kama kukukanyaga kidole. Kisha ukaniandikia ukiniuliza ni nani anayekuchukia, nikakujibu habari za kikohozi cha mama.

Sina jina jingine la kuliita jambo hilo zaidi ya wivu. Si suala la haki ya mtafiti. Kama ningetaka haki ningetia sahihi.

Kipindi chako cha Jumanne nilikisikia. Katibu wa idara alikuwa amefungulia redio mezani kwake, nami nilikwenda kuchukua chaki. Uliposema "dada yangu," aliongeza sauti, akanigeukia huku anatabasamu, amenifurahia kweli. Nilisimama na boksi la chaki mpaka kipindi kikaisha. Kisha nikaenda kwa msajili. Nilifika mlangoni, nikarudi. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu nilibisha hodi, nikamwomba ile barua, nikaandika jina langu kwa wino chini ya kila ukurasa. Akaniuliza, "Wewe ni nani yake?" Nikasema, "Dada yake, tumbo moja." Aliitazama sahihi, akanitazama mimi. Hakuniambia nikae.

Nimepewa onyo la maandishi kwenye faili langu. Hilo ni sawa.

Lililobaki ni gumu zaidi kulisema, maana litaonekana ndilo lililonileta. Profesa ameniita. Kwenye kamati mtu mmoja ameuliza: kama maneno haya arobaini na moja yalianza kusikika redioni miaka mitatu iliyopita, na dada ameyatia kwenye sura ya nne mwaka jana, tunajuaje ni nani aliyechukua kwa mwenzake? Daftari langu halina tarehe. Profesa anasema bila ushahidi wa maandishi wa kabla hayajatangazwa, hawezi kuniruhusu nitetee tasnifu. Miaka tisa.

Ushahidi ni barua zangu nilizokuandikia. Zina tarehe, na mihuri ya posta iko kwenye bahasha, kama hukuzitupa.

Nimeipekua kichwani kila njia ya kukuomba, zote zinanitia aibu. Basi nakuomba hivi hivi. Ukikataa sitamwambia mtu.

Dada yako


Studio
19 Mei

Dada,

Barua ziko ndani ya boksi hili. Thelathini na saba, nimezipanga kwa tarehe, kila moja na bahasha yake. Mpe Profesa nakala. Usimpe zenyewe. Zenyewe ni zangu, nazitaka zirudi.

Boksi ni la viatu vyeusi, sikuwa na jingine.

Kasuku


Chumba namba 14
30 Juni

Mdogo wangu,

Nimepita.

Walinikalisha kwa muda wa saa mbili na nusu. Yule aliyeuliza kwenye kamati alikuwepo, alizipitia barua zote thelathini na saba moja moja, na akiona mzaha alificha mdomo kwa karatasi. Mwishoni aliuliza swali moja tu: kama nisingekuwa na mtu wa kumwandikia, je, ningeyakusanya maneno haya? Nilikuwa nimejiandaa kwa nadharia. Nilimwambia ukweli: hapana. Nilikuwa nayakusanya ili nimchekeshe mdogo wangu aliyehamia mji wa mbali.

Barua zimekuwa kiambatisho cha pili cha tasnifu. Na kwenye sura ya nne Profesa mwenyewe ameniagiza niongeze kurasa sita juu ya kile kilichotokea maneno yalipotangazwa: watu walivyochekana, walivyojirekebisha. Uliniambia hiyo nayo ni kazi. Nimeitia, kwa jina lako, na rejea chini ya ukurasa.

Zenyewe ninakurudishia pamoja na barua hii. Nimezihesabu mara mbili.

Mahafali ni tarehe ishirini Julai, saa tatu asubuhi. Ndiyo yale yale ambayo wewe ungekaa mbele. Kwa hiyo sijui nikuombeje uje, na nakuomba. Kadi iko ndani ya bahasha. Kama utaona ni kejeli, irudishe, nitaelewa.

Dada yako


Studio
8 Julai

Dada, shikamoo.

Hongera. Nimelisema kwa sauti peke yangu studio, kipaza sauti kimezimwa, nione kama linatoka. Limetoka, lakini limekwaruza.

Nitakuja. Ila nisikufiche: nitakuja na wivu. Nitakuona unavalishwa kofia niliyokuwa nimeshaipimia kichwa, nami nitakuwa kule kwa wageni na kadi mkononi. Niliizoea ile "Daktari" wiki sita tu, dada, na bado sikio langu linageuka mtu akiita daktari njiani. Bosi anasema watu wamesahau. Mimi sijasahau. Najua thamani yake ni ya kiti cha mgeni, uliniandikia, na umesema kweli. Lakini hakuna aliyewahi kunipa kiti, na mimi nilikitaka.

Ile barua yako ilikuwa na kurasa tatu. Wa kwanza nimekusamehe, kwa sababu ni kweli. Wa pili nimekusamehe pia, kwa sababu ya tarehe. Hakuna mtu mwingine duniani aliyenisikiliza kila Jumanne bila kukosa. Wa tatu sijaweza.

Uliandika: "Hata marehemu baba yake alikuwa akizima redio kila sauti yake ilipoanza kusikika, ilhali leo chuo kinataka kumpigia makofi." Wale watano walisikia. Mimi nilisikia. Miezi mitatu na ushei naishi na sentensi hiyo. Nikiwasha kipaza sauti namwona mzee ananyoosha mkono kwenye rafu, anazima, anarudi kwenye saa zake.

Wewe ulibaki naye, mimi nilihama. Ni wewe unayejua. Nataka jibu kabla sijapanda basi. Ni kweli? Usinipambie na usinionee huruma.

Kasuku


Nyumbani kwa mama
14 Julai

Mdogo wangu,

Si kweli. Nilitunga.

Ulitaka nisikupambie, basi nitakwambia ilivyokuwa, na sijawahi kumwambia mtu.

Siku nilipopata cheti cha shahada ya pili, sikupitia nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja karakana. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, nimekishika kile cheti ndani ya bahasha kubwa kama mtoto aliyebeba yai. Baba alikuwa amefungua saa ya mkononi, kioo chake cha jicho kimembana usoni, na redio juu ya rafu. Ulikuwa unasoma salamu za mchana, kile kipindi chako cha kwanza. Nikasema, "Baba, nimeleta cheti." Akainua kidole bila kugeuka. "Ngoja kwanza. Mdogo wako anaongea."

Nilingoja. Dakika ishirini na tano nimesimama mlangoni. Ulisoma salamu ya mtu aliyemsalimia mbuzi wake kwa jina, ukafanya ile sauti yako ya mbuzi, na baba akacheka, baba yetu, mpaka kioo kikamdondoka jichoni kikavingirika chini ya meza. Sikuwahi kumchekesha hivyo. Mimi nilimpa daftari la kuonyesha wageni. Kipindi kilipokwisha aliifuta mikono kwenye kitambaa, akakisoma cheti mstari kwa mstari, akaniambia, "Vizuri sana, mama," akarudi kwenye saa yake.

Alikuwa anajivunia, najua. Nimejua miaka yote. Lakini nilipokuwa naandika ule ukurasa, nilimwona yeye na kidole chake hewani, na nikataka hata kwenye karatasi tu mkono ule uende kwenye redio uizime.

Alipokwambia ni kazi ya kupiga kelele, ulikuwa bado hujaanza. Baada ya hapo hakulirudia neno hilo mbele yangu. Wateja wakiongea kipindi chako kinapoendelea, aliwanyamazisha. Wakiendelea kuongea, aliongeza sauti. Mara zote nilizokuwepo aliongeza sauti, nami nilikuwepo mara nyingi.

Hili nalo nimeliandika na kulipeleka kwa msajili, aliweke pamoja na zile kurasa tatu, ili atakayefungua faili lako asome yote mawili. Nakala ni hii hapa. Nimetia sahihi.

Kama huwezi bado kunisamehe, usinisamehe, lakini njoo. Basi la alfajiri linafika kabla ya saa tatu. Mama ameitoa ile nguo kabatini, ameitundika dirishani ikunjuke. Ukumbi una ngazi kumi na nane na magoti yake hayaziwezi peke yake. Mimi nitakuwa kwenye mstari na joho, sitaweza kumshika mkono.

Dada yako